Ufagio wa Mtakatifu Martini

Rehema mwanangu, juzi uliponinyang'anya ufagio mbele ya wateja nilinyamaza, lakini sikunyamaza kwa hasira. Ulisema, "Babu, lete bwana, watu watasema nakutumikisha." Yule kijana aliyekuwa anakatwa fedi akacheka, na Juniori akanivutia kiti cha plastiki nikae kama mgeni rasmi. Nikakaa. Soda mliyoninunulia nikainywa. Ila tangu siku hiyo nakuja hapo saluni kwenu Tabata kukaa tu, na kukaa tu kunanichosha kuliko kusimama siku nzima. Kwa hiyo nimeamua kuwaandikia, wewe na Juniori na wenzenu wote mnaoshika mashine siku hizi, niwaeleze kwa nini nautaka ufagio wangu. Mkishasoma mtaamua wenyewe kama mtanipa au mtaniongezea soda.

Shule yangu ni ya darasa la nne, ya misheni, huko Masasi. Mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni kama mnavyonyoosha kona ya ndevu.

Nianze na ile picha niliyowaletea mkaitundika pembeni ya kioo: mtawa mweusi, kanzu nyeupe, joho jeusi, ufagio mkononi, na miguuni pake mbwa, paka na panya wanakula sahani moja. Najua wateja wanawauliza kama ndiye mwanzilishi wa saluni. Juniori alimjibu mmoja kwamba ni babu yangu mzaa mama. Mwanangu, si babu yangu. Yule ni Mtakatifu Martini wa Porres, kinyozi mwenzenu, na picha ile imekaa kwenye ukuta wa kinyozi tangu nyie hamjazaliwa, wala mama zenu.

Nilikuja Dar nikiwa kijana, bendera ya Uhuru ikiwa bado haijapauka. Nilikuwaga mtu wa ndoto, tena ndoto zenyewe kubwa kuliko shati langu. Niliota kwamba siku moja waziri atashuka kwenye gari jeusi, ataniinamishia kichwa, nitamchana njia iliyonyooka kama reli, halafu ataenda kuhutubia taifa na kichwa nilichokitengeneza mie. Nilikuwa sijawahi kushika mkasi. Nilichokuwa nimewahi kunyoa ni shingo ya mdogo wangu, kwa kipande cha wembe, na mama alinichapa.

Mjomba akanipeleka Temeke, njia ya kwendea Tandika, kwenye kibanda cha mabati cha Mzee Athumani. Huyu alikuwa mtu wa Kilwa, Mwislamu wa swala tano, mwembamba, kofia safi, na mikono mizuri ambayo sijaona tena. Kibanda kilikuwa na viti viwili vya kunyolea, benchi moja, kioo kimoja kilichopasuka pembeni, na chumba cha nyuma ambacho nilipewa nilale. Mzee akaniangalia kuanzia kichwani mpaka vidoleni, akanipa ufagio.

"Nimekuja kujifunza kunyoa, mzee," nikamwambia.

"Nimesikia," akasema. "Anza na hizo zilizo chini."

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana kwenu nywele zinaingia kwenye mfuko mweusi zinangoja gari la taka, na hakuna anayejali. Wakati ule mtu alinyolewa huku jicho moja liko sakafuni. Aliogopa nywele zake zikiokotwa na mwenye nia mbaya, zitamrudia kwa namna ya ugonjwa, au ndoa kuvunjika, au kukosa kazi bandarini. Msiniulize kama ni kweli. Mzee Athumani naye alikuwa haulizi. Alichosema ni kwamba mtu akituachia nywele zake ametuachia kipande cha mwili wake, na si juu yetu kumcheka. Kwa hiyo nyuma ya kibanda, karibu na mpapai, kulikuwa na shimo lenye mfuniko wa pipa. Kila kichwa kikiisha unafagia, unazoa, unapeleka shimoni, unatupia mchanga, unafunika. Mteja anakuona, anavaa kofia yake, anaondoka na amani.

Mie niliona ni upuuzi wa wazee. Na sikuwa na mto wa kulalia.

Mnaona ninapoelekea. Nilikuwa na gunia dogo la unga, nikalishona. Nikawa kila jioni naacha nywele kidogo zisifike shimoni, zinaingia kwenye gunia. Baada ya wiki chache nilikuwa na mto ambao hata waziri asingeukataa. Nilikuwa nalala nao naota ndoto za mjini. Tatizo ni kwamba ulianza kunuka, na mie kwa usafi wangu nikautoa nje asubuhi kuuanika juani, juu ya ukuta wa Bi Zuhura, muuza vitumbua wa mbele yetu.

Kuku wa Bi Zuhura wakaupasua. Na siku hiyo kulikuwa na upepo.

Sijui niwaelezeje. Nywele zilikuja barabarani kama moshi. Zikaingia kibandani, zikaingia kwenye karai la vitumbua. Benchi lilikuwa limejaa watu. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa kwenye kiti, povu la sabuni bado shavuni. Akasimama nalo.

"Hizi nini?"

"Nywele," nikasema.

"Naona ni nywele. Za nani?"

Nikafikiri kidogo. "Za watu wote."

Bi Zuhura akaja na upawa mkononi. Wakati ule alikuwa mwanamke mkubwa kidogo tu kwangu, lakini alikuwa na sauti ya kufika sokoni. "Mume wangu kanyolewa hapa Jumapili," akasema. "Ina maana kichwa cha mume wangu unakilalia wewe, Damasi?"

"Sikujua, mama. Zilikuwa laini."

"Zilikuwa laini, anasema."

Mmoja kwenye benchi akasema ndiyo maana kichwa kinamuuma mwezi mzima. Mwenzake akamwambia kichwa kinakuuma kwa gongo, usimsingizie mtoto wa watu. Wa tatu, mzee mmoja mpole, akasema polepole kwamba yeye usingizi umempotea tangu mfungo ulipoisha. "Usingizi wako anao Damasi," wakamjibu, na hapo wengine wakaanza kucheka, lakini wengine hawakucheka kabisa. Balozi hakucheka. Alikuwa amekwisha kusema neno "polisi" mara moja na alikuwa anajiandaa kulisema tena.

Mzee Athumani hakunipigia kelele. Alichukua ufagio, akatoka, akaanza kufagia barabara. Alifagia mbele ya kibanda, mbele ya kwa Bi Zuhura, mpaka kwenye mfereji. Watu wakimwangalia. Akazizoa zote, akaenda nazo shimoni, akawaita wote waliokuwepo waje waone kwa macho yao. Kisha akamwambia kila mmoja achote mchanga atupie. Wakatupia, mmoja mmoja, kama mazikoni. Balozi naye akatupia, povu likiwa limemkaukia.

Jioni Mzee akaniambia, "Kuanzia kesho utajifunza mashine."

Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Nilidhani nimepandishwa cheo.

"Ufagio nashika mwenyewe," akaendelea. "Mkasi naweza kumpa mtu yeyote mwenye vidole. Ufagio nampa ninayemwamini. Wewe bado."

Hilo la pili sikulisikia. Yaani masikio yalilisikia, mie mwenyewe nilikuwa nimeshafika kwenye gari la waziri.

Basi nikajifunza. Zile mashine za mkono nyie mmeziona kwenye picha tu. Unaibana kama koleo, inakata, unaiachia, unasogea. Siri yake ni moja: usiinue mkono kabla hujamaliza kubana. Ukiinua, imemng'ofoa mtu, na atakuambia jina la mama yako. Nilitajiwa jina la mama yangu mwaka mzima. Mzee alinifundisha kushika sikio kwa vidole viwili na kulikunja mbele taratibu. Alinifundisha kumpaka mtu shabu, lile jiwe la kukausha damu, baada ya kumnyoa ndevu na kumsemesha wakati ule ule, ili akili yake iwe kwenye maneno isiwe kwenye mwasho. Na kichwa cha mtoto mchanga, alisema, usikinyoe mpaka mkono wako upate joto. Unausugua kwanza. Mtoto akihisi mkono wa baridi anashtuka, na pale utosini hapataki mtu wa kushtuka.

Sasa nije kwa Martini.

Kwenye kigango chetu kulikuwa na katekista, mtu wa Songea, mcheshi, nywele zake ngumu kama za brashi ya viatu. Siku moja nikiwa namkata akaniuliza, "Damasi, unajua kinyozi mwenzako ametangazwa mtakatifu juzijuzi tu hapa? Tena mweusi."

Mkono ukasimama. Jina la mama yangu likatajwa.

Akanisimulia pale pale kitini. Alikuwa ametokea mji wa Lima, nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, miaka mia tatu na zaidi iliyopita. Mama yake mwanamke mweusi aliyekuwa ameachwa huru kutoka utumwani, baba yake bwana wa Kihispania, ambaye alimwona mtoto ametoka na rangi ya mama yake akaona haya. Akiwa bado mdogo akapelekwa kujifunza unyozi, na kinyozi wa wakati ule alikuwa ananyoa, anafunga vidonda, anang'oa meno na kuwapa watu dawa. Akawa fundi hasa. Halafu akaenda kuomba kuingia utawani. Sheria ya wakati ule ikasema mtu wa rangi yake hawezi kuwa mtawa kamili. Akitaka, aingie kama mtumishi. Akaingia kama mtumishi. Akapewa ufagio.

"Na akakubali?" nikauliza.

"Hakukubali tu. Aliushika mpaka kufa. Unyozi nao hakuuacha, alikuwa ananyoa watawa wenzake na kuuguza wagonjwa. Siku moja alimwokota mtu barabarani mwenye vidonda, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Wakamgombeza kwamba amevunja agizo, amechafua mashuka. Akaomba wamsamehe ujinga wake, maana alikuwa hajui kwamba agizo linatangulia upendo."

Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Mzee mmoja akasema, "Huyo jamaa alijua kujibu."

Akatusimulia na habari ya panya. Panya walikuwa wanatafuna nguo za kanisani, watawa wakataka kuwawekea sumu. Martini akamkamata mmoja, akamwambia, haya, waambie wenzako wahamie bustanini, mie nitakuwa nawaletea chakula huko kila siku. Wakahama.

"Hapa kwetu," Mzee Athumani akasema kutoka kiti cha pili bila kugeuka, "atawahamishia wapi? Kwa Bi Zuhura?"

Katekista akaniletea picha. Niliipenda sana, isipokuwa kitu kimoja. Ikiwa huyu mtu ni kinyozi, na mie ni kinyozi, kwa nini wamchore na ufagio? Nilikuwa nimekwisha kutoka kwenye ufagio mie, na mtakatifu wangu bado ananikumbusha. Kwa hiyo nikachukua karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, nikaikata umbo la mkasi, vizuri kabisa, nikaubandika juu ya ufagio kwa uji wa muhogo. Ukawa unang'aa. Martini akawa kinyozi wa heshima.

Mzee Athumani alipoikuta ukutani alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Nani huyu?"

"Kinyozi, mzee."

"Kinyozi wa wapi?"

"Wa Peru. Ni mtakatifu wetu."

Akafikiri. Hapa ni kwake, na kalenda yake ya msikiti ilikuwa ukutani upande wa pili. "Hapa si kanisani, Damasi."

"Najua, mzee."

"Lakini kama ni kinyozi, basi ni kinyozi." Akaisogeza picha kidogo, isikae juu ya kioo, ikae pembeni. "Mteja ajione yeye kwanza." Halafu akainama karibu zaidi, akautazama ule mkasi wangu wa kung'aa kwa muda mrefu, akanitazama mie.

Baada ya siku chache mkasi haukuwepo. Nikadhani uji umekauka, umebanduka wenyewe. Sikubandika mwingine. Na asubuhi moja, mwaka ukiwa umeshapita tangu habari ya mto, Mzee akaninyooshea ufagio akasema neno moja tu: "Shika." Nikashika. Sikuona ni heshima gani nimepewa. Niliona nimerudishwa nyuma.

Miaka ikaenda. Sitaki kuwachosha na yote. Likaja Azimio, tukawa ndugu kwa tangazo, na kwa kweli tulijitahidi. Ikaja afro. Mwanangu Rehema, afro ilitutia njaa. Vijana wakafuga nywele kama mabuyu, anakuja kibandani kuomba kichana tu, anajiangalia kwenye kioo chetu nusu saa, anaondoka. Baadaye zikaja siku za kukosa vitu, sabuni ya foleni, wembe wa foleni. Wembe mmoja tuliunoa kwa kuusugua ndani ya glasi ya maji, unaubana na kidole, unaupeleka hivi na hivi kwenye ule mviringo wa kioo, unarudi kuwa mkali. Jaribuni siku moja. Mtaona babu yenu si wa kukalishwa.

Ni siku hizo za shida ndipo mkono wa Mzee Athumani ulipoanza kutetemeka.

Mwanzoni ilikuwa kidole gumba tu. Akimaliza kunyoa anakificha ndani ya kiganja. Mie nikaona, nikajifanya sikuona. Halafu ukawa mkono mzima, asubuhi zaidi kuliko mchana. Siku moja akamkata balozi sikio. Ni kidogo tu, shabu ilitosha, na balozi alikuwa amezeeka akawa mwungwana. Alisema, "Si kitu, Athumani, nina lingine." Lakini benchi liliona.

Mnajua watu wanavyokuwa. Hakuna aliyesema kitu kibaya. Mteja anafika, kiti cha Mzee kiko wazi, anasema, "Namsubiri Damasi tu, nina maongezi naye." Anasubiri saa nzima. Akikaa hana maongezi yoyote. Mwingine anajifanya amesinzia kwenye benchi mpaka kiti changu kiwe wazi, hapo anazinduka. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake kitupu, kitambaa begani, akikung'uta kichana ambacho hakina nywele. Wiki nzima. Wiki ya pili. Mie nilikuwa nafanya kazi mpaka miguu inavimba, na sakafu ilikuwa inajaa kwa sababu sikuwa na nafasi ya kufagia kila kichwa. Na moyo ulikuwa unaniuma kuliko miguu.

Mke wake alikuwa amekwisha kufariki. Watoto Mungu hakuwajalia. Siku moja ya Jumatano nikakuta sanduku lake la bati liko kibandani, limefungwa kwa kamba.

"Ijumaa nikishaswali napanda basi," akasema. "Narudi Kilwa. Kuna mtoto wa dada yangu."

"Mlionana lini, mzee?"

"Alikuwa anatambaa."

Nikamwomba abaki. Nikamwambia kibanda ni chake, akae tu kwenye benchi, apige soga, mapato tutagawana nusu kwa nusu kama zamani.

"Nusu ya nini?" akaniuliza. "Ya kukaa?" Hakuwa na ukali. "Damasi, mie si mtu wa kuwekwa kama kalenda. Kinyozi akiisha, ameisha. Niache niende nikiwa bado natembea."

Sikulala vizuri, na mto wangu siku hizo ulikuwa wa sufi.

Alhamisi Bi Zuhura akaja na mjukuu wake wa kwanza, ametimiza arobaini, atolewe nywele za tumboni. Naye alikuwa amekuwa bibi sasa, lakini sauti ilikuwa ile ile. Akaliona sanduku. Akakaa kitini na mtoto mapajani, akaniambia, "Haya, Damasi."

Nikasugua mikono mpaka ikapata joto. Nikanyoa. Nasema bila kujisifu, nilinyoa vizuri. Mtoto alilala usingizi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na zile nywele nyembamba zikawa zinaanguka juu ya kitambaa na nyingine sakafuni, nyepesi, kama pumzi. Nilipomaliza nikaenda kuchukua ufagio nyuma ya mlango.

"Aa, aa," Bi Zuhura akasema. "Mwanangu, wewe umenyoa, umemaliza. Nywele za mjukuu wangu azichukue Mzee Athumani."

Nikasimama na ufagio. "Bi Zuhura, mie nafagia hapa miaka yote."

"Najua. Na miaka yote nikitoka hapa nachungulia kule nyuma nione kama umezipeleka shimoni." Akageukia benchi. "Nani hapa amesahau ule mto?"

Hakuna aliyekuwa amesahau. Hata waliohamia Temeke mwaka ule ule walikuwa wameshasimuliwa. Yule mzee mpole wa usingizi, mfupa na ngozi sasa, akainua mkono kama mwanafunzi. "Mie mpaka leo silali," akasema, na benchi likaanguka kicheko.

Bi Zuhura hakucheka. Alikuwa anamtazama Mzee Athumani aliyesimama nyuma ya kiti chake kitupu. "Kwa hiyo wewe kesho unakwenda Kilwa," akamwambia, "na vichwa vyetu vyote, vya waume zetu, vya wajukuu, unamwachia huyu wa mto. Ndivyo tulivyokubaliana, kaka Athumani?"

Mzee alinijia, akaniondolea ufagio mkononi. Akachuchumaa pale chini, magoti yakalia, akaanza kuzikusanya zile nywele za mtoto, polepole. Mkono ulikuwa unatetemeka, lakini mwanangu, ufagio hauna habari na mkono unaotetemeka. Ufagio wa chelewa unatetemeka wenyewe. Zote zilikusanyika.

Mie nilishindwa kuvumilia. Mwalimu wangu, mtu aliyenifanya mtu, yuko miguuni pangu anazoa uchafu niliouangusha mie, na watu wanaona. Nikainama nikaushika ufagio.

"Lete, mzee. Tafadhali. Unanidhalilisha."

Akaniangalia kutoka chini. "Nani kakwambia ufagio unamdhalilisha mtu?" Akanyoosha kidevu kuelekea ukutani. "Umetundika picha hapa ujana wako wote, Damasi. Mie Mwislamu ndiye niliyekuwa nikiitazama?"

Nikaitazama. Martini amesimama na kanzu yake nyeupe, ufagio mkononi, hana haya hata kidogo.

"Ule mkasi wako," Mzee akasema akirudi kuzoa, "niliubandua mie. Ulikuwa unamwonea yule bwana. Mkasi alikuwa nao tangu mwanzo, kila mtu alijua. Ule ufagio ndio aliouchagua."

Akasimama kwa kushika kiti. Akatoka na zile nywele, Bi Zuhura nyuma yake na mtoto begani. Nikasikia mfuniko wa pipa, na mchanga. Aliporudi akalitazama sanduku kama vile mtu mwingine ameliacha pale.

"Hilo lisogeze," akaniambia. "Watu watajikwaa."

Hakwenda Kilwa. Kile kiti chake tukampa kijana mwingine baadaye, na Mzee Athumani akawa mfagiaji wa kibanda, na kibanda kikajaa kuliko kilivyowahi kujaa. Msifikiri ni huruma. Watu walikuja kwa sababu walikuwa wananyolewa na mikono yenye nguvu na kuzolewa na mikono wanayoiamini. Alifagia kila kichwa peke yake, hakuchanganya. Na akifagia alikuwa anamsikiliza mtu. Mie na mkasi wangu nilikuwa juu ya masikio yao. Yeye alikuwa chini, anawaona uso. Alijua nani hajala, nani amefiwa akanyamaza. Aliniambia mara nyingi, yule panya wako hakuhama kwa maneno. Alihama kwa kuwa alijua ataletewa chakula.

Yeye ndiye aliyeanzisha safari za Jumatatu. Siku hiyo tulikuwa tunafunga kibanda, na mie nilikuwaga nalala. Akanigongea. "Martini wako alinyoa wagonjwa," akasema. "Sie tumenyoa wangapi?" Tukawa tunakwenda wodini na majumbani, mie na begi la vifaa, yeye na ufagio mfupi na mfuko wa kitambaa. Wagonjwa wa kila dini, na wasio na ndugu kwanza. Mtu amelala wiki tatu, ndevu zimemla uso. Ukishamnyoa anaomba kioo, na akijiona anaomba chai. Tumeona hivyo mara nyingi. Na nywele za mgonjwa Mzee hakuziacha hospitali hata unywele mmoja. Alizibeba mpaka shimoni kwetu. Niliporithi begi niliendelea na Jumatatu mpaka magoti yaliponigomea, na sasa naona wewe na Juniori mnakwenda. Sikuwaambia nani aliyeianzisha. Sasa nimewaambia.

Halafu ikafika Jumatatu ambayo nyumba ya kwenda ilikuwa chumba chake yeye.

Alikuwa amepungua mpaka kofia inamzidi. Tukamkalisha, Bi Zuhura amemshikilia mgongo kwa mto. Nikasugua mikono, muda mrefu. Nikamnyoa kichwa, nikamchonga ndevu, nikamkunja sikio kwa vidole viwili kama alivyonifundisha. Hakuna shabu, alisema inamchonyota. Nilipomaliza nikamwonyesha kioo. Akajiangalia, akaridhika. Kisha akatazama chini, nywele zake nyeupe zimetawanyika kwenye mkeka, na ufagio wake mfupi uko pembeni ya kitanda.

Hakuna aliyeusogelea. Hata mie.

"Damasi," akasema. "Shika."

Nikashika. Nikapiga magoti nikaanza kuzizoa, na sikuwa naona vizuri, nyie mnaelewa. Akanisubiri mpaka nimemaliza mkeka wote, akainama kidogo, sauti imebaki ya kunong'ona.

"Usizishonee mto."

Bi Zuhura alicheka na kulia kwa pamoja. Mie nilicheka tu mwanzoni. Mzee naye alicheka, na kicheko chake kilimchosha akalala, na kabla ya mwezi kuandama tukamzika kule kwenye makaburi ya Waislamu, na mie nilibeba jeneza pamoja na watoto wa jirani.

Lakini siku ile ile ya kumnyoa nilirudi kibandani na mfuko wake wa kitambaa, nikafunua pipa, nikazimimina. Bi Zuhura alikuwa amenifuata. Nilidhani amekuja kuchungulia. Alichota mchanga akatupia, nami nikatupia, nikafunika. Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Haya," akasema. "Kuanzia leo zangu utazoa wewe."

Rehema, Juniori, sina mengine. Mikono yangu inavyotetemeka mmeiona, na najua mlijifanya hamkuiona, asanteni. Ufagio uacheni nyuma ya mlango, pale ulipokuwaga. Kesho naja mapema, kabla ya kichwa cha kwanza.